Mtihani Tuliopanga Kuufanya Pamoja

Tata,

Nakuita hivyo kama tunavyokuita nyumbani, ingawa barua hii naiandika kwa Kiswahili. Nikiandika "Baba" utaniuliza kama namwandikia Mama, kwa sababu kwa Kigusii baba ni mama. Kila darasa jipya ulilofundisha Kiswahili hapa Nyamira ulilifungulia kwa kichekesho hicho. Hujambo? Sijui kama aliyelala udongoni huulizwa hali. Midomo imezoea tu.

Nimefanya mtihani, Tata. Nimeufanya peke yangu.

Hapa nyumbani majani chai yanachumwa kama kawaida. Mama amekiingiza kiti chako ndani kisinyeshewe, na hakuna anayekikalia. Wageni wakizidi viti, wanaketi kwenye mkeka. Hatukukubaliana hivyo. Imetokea tu.

Nakumbuka vile ilivyoanza. Nilikuwa nimerudi na diploma yangu ya kompyuta, na kila ofisi ya Kisii mjini ilikuwa imeniahidi kunipigia simu. Nikakwambia nataka kusomea cheti cha kuanzia cha klaudi. Ukauliza klaudi ni nini. Nikakueleza kwamba siku hizi kampuni haziweki kompyuta kubwa kwenye chumba cha nyuma. Zinakodisha za watu wengine zilizo mbali, na kuzitumia kupitia intaneti.

"Basi sisi tutaliita wingu," ukasema, "na tutalisoma."

Nilidhani unanitania. Kesho yake ukavaa miwani, ukavuta kiti hadi karibu na laptopu yangu pale barazani. Mama akapita na ndoo, akakuuliza mzee kama wewe unatafuta nini huko. "Nimestaafu," ukamjibu, "sijafa." Sote tulicheka.

Ulikuwa mwanafunzi msumbufu, Tata. Hukukubali neno lolote lipite kabla hujalipatia Kiswahili chake. Tulipofika pale panaposemwa kwamba kompyuta za wingu huongezeka kazi ikiwa nyingi na kupungua kazi ikiisha, ulipiga goti kwa kiganja. "Huu ni unyumbufu! Kama kitenzi. Pika, pikia, pikisha, pikishana. Mzizi ni ule ule, unaurefusha kwa kadiri ya haja." Na wajibu wa pamoja, ule wa mwenye kompyuta za wingu na mteja wake, ulinieleza kwa vyumba vya Mama Zuhura pale Keroka, nilikopanga nikiwa chuoni. Paa na lango ni kazi ya Mama Zuhura. Kufunga mlango wako ni kazi yako, na ukiibiwa kwa kuuacha wazi usimlilie. Nilikuwa nimelisoma somo hilo chuoni na kulisahau. Sitalisahau tena.

Mvua ya alasiri ikianza, mabati yalipiga kelele hata hatusikilizani. Tulifunga laptopu na kuingoja ikatike. Huo ndio muda uliopenda kunisimulia ulivyokuwa ukitembea kutoka Masimba hadi shuleni, ungali mwalimu kijana. Nilisikiliza nusu nusu, macho kwenye simu. Laiti ningesikiliza yote.

Tulijiandikisha kwa tarehe moja, mimi na wewe, tufanye pamoja. Ningeweza kutangulia, lakini somo la jinsi wingu linavyolipiwa lilikuwa bado linakusumbua na sikutaka kwenda bila wewe. Ulifurahi mno. Ulimwambia kila mtu sokoni kwamba unaenda kufanya mtihani na binti yako. Kisha ile asubuhi Mama akakukuta umeanguka karibu na zizi, mkono wa kulia hausikii na ulimi umekufa.

Kiharusi, daktari alisema. Mtu aliyeishi kwa maneno, kikamwendea ulimi.

Siku ya kwanza pale wodini niliketi tu nikikushika mkono. Ya pili ulinitazama, ukautazama mkoba wangu, ukanitazama tena. Mama ndiye aliyeelewa. "Anataka vitabu vyenu." Nikatoa simu nikaanza kukusomea maswali ya majaribio, na wewe ukajibu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, na kuendelea. Ulipopatia, upande mzima wa uso wako ulicheka. Ulipokosa, ulifumba macho kama mtoto anayejificha. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaanza kuinua vidole vyake, na wewe ukamtazama kwa ukali wa mwalimu anayeona mtu akiibia jibu.

Swali la mwisho lilikuwa kuhusu mafaili yasiyofunguliwa mara kwa mara, yahifadhiwe wapi. Uliinua kidole kimoja. Cha pili kikawa kinapanda polepole, kinatetemeka. Muuguzi akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Alisema kwa upole, Tata, na alikuwa anafanya kazi yake. Nikakufunika blanketi hadi kifuani, nikasema, "Kesho tutamaliza."

Simu ya hospitali ilikuja alfajiri.

Sijui kama ungeishia kwenye viwili au ulikuwa unaenda hadi vitatu. Watu wananiambia hilo si jambo la kuumiza kichwa. Wananiambia ulikwenda ukiwa na furaha. Huenda. Lakini mimi niliiona sura yako nilipoinuka. Ulikuwa bado unajibu.

Baada ya mazishi simu yako ikaanza kupokea ujumbe wa kukukumbusha siku ya mtihani. Walikuita mtahiniwa mpendwa, wakakuambia usisahau kitambulisho. Nikaingia kufuta nafasi yako, na mtandao ukataka sababu. Umebadilisha mipango? Hujajiandaa? Nyingine? Nikachagua nyingine, nikaandika: "Alikuwa amejiandaa." Kisha nikatoka nje nikalia kando ya kaburi lako, udongo ukiwa bado mwekundu.

Mimi sikutaka kwenda. Mama ndiye aliyeniamsha, akanipigia nguo pasi, akanisukuma mlangoni. Pale Kisii mjini, kiti kilichokuwa kando yangu kilikaliwa na kijana mwenye mafua. Hana kosa lolote. Lakini kidogo nimwambie, samahani, hapo pana mwenyewe.

Nilifaulu. Neno lilitokea kwenye kioo cha kompyuta nikalitazama kama limeandikiwa mtu mwingine. Kuna ofisi imekubali kunichukua kwa majaribio, naanza wiki ijayo. Habari hizi zote ulipaswa kuzisikia wewe wa kwanza, ukazipeleka sokoni kabla sijavua viatu.

Niliporudi, Mama alikuwa jikoni anachambua mboga za chinsaga. Nikamwambia nimepita. Akashukuru Mungu, akaendelea kuchambua. Halafu akauliza bila kuinua uso, "Na yeye?"

Nikamwambia, "Angepita, Mama."

Akapangusa mikono kwenye leso, akasema, "Basi nifundishe mimi. Mtihani siutaki. Nataka kujua tu mlikuwa mkicheka nini pale barazani."

Unajua Mama aliachia shule darasa la tatu, na kusoma kwake ni kwa kidole chini ya kila neno. Tutaanza Jumapili akitoka kanisani. Nakuahidi nitamwendea taratibu, na hadithi zake nitazisikiliza hadi mwisho, mvua inyeshe isinyeshe.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Makosa ya ngeli uyaonayo humu, niachie. Nimeandika nikilia.

Binti yako,
Kerubo