Nyota Pembeni ya Jina la Kasiani

Kiwalani,
S.L.P. 21873,
Dar es Salaam.
9 Machi 1997

Mpendwa shemeji Projestus,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama, wewe na mkeo Demetria. Mguu wa mama umepata nafuu? Mimi nipo. Bado nachemsha chai ya watu wawili, kisha kikombe cha pili nampelekea jirani Zubeda.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la kazini. Unajua marehemu mdogo wako Kasiani ndiye aliyeipanga kompyuta ya ankara pale kiwandani, nami nilikuwa mchapaji wake. Chini ya kila ankara aliweka maneno haya: "Kwa maswali muone K. Kamugisha." Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike, na wateja bado wanakuja na karatasi mkononi wakimwulizia. Inabidi niwaambie. Wengine hulia, na mimi ndiye wa kuwabembeleza.

Meneja mpya, aliyekuja baada ya kiwanda kuuzwa, alisema jina litoke kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo atatafuta mtu mwingine wa meza yangu.

Nikalifuta. Kumbe Kasiani aliliweka mahali pamoja, na karatasi nyingine zote zinalichota hapo hapo. Mchana magari matatu yakakwama getini. Unamkumbuka mzee Mwinshehe, mlinzi wetu, aliyekuja msibani? Hatoi gari kama hati ya mzigo haina jina la mtu. "Karatasi isiyo na mwenyewe ni ya wizi hiyo, mwanangu," akaniambia. "Mrudishe Kamugisha wako."

Nikamrudisha.

Shomari, fundi wa kompyuta, alinionya: "Sista, usifute kitu hujui kinatumika wapi. Na mashine yenyewe haitakwambia." Basi tukaweka nyota ndogo pembeni ya jina, tukachapa kila aina ya karatasi, moja moja, tuone nyota itatokea wapi. Ilituchukua siku mbili. Ikatokea kwenye ankara, hati ya mzigo, taarifa ya mwezi na nyingine tatu.

Ya saba hatukuitegemea. Ilikuwa ankara ya majaribio, aliyoitengeneza Kasiani alipokuwa anajifunza mashine. Mteja: Yustina, Kiwalani. Bidhaa: kiti kimoja cha kukalia jioni. Kiti hicho aliniahidi tulipohamia, wakati nakaa juu ya ndoo nikichambua mchele. Hakuwahi kukinunua, nami sikumkumbusha. Na chini pale: kwa maswali muone K. Kamugisha.

Shomari alitoka nje, akaniacha.

Ijumaa niliandika jina jipya. Meneja alitaka liwe langu. Nikachapa zote saba kuhakikisha. Ile ya mwisho sasa inamwambia Yustina akamwone Yustina.

Ile yenye nyota nimeikunja humu ndani. Mama aliniomba kitu chenye jina la mwanawe, na nguo tuligawa zote. Msomee, kisha aitunze yeye. Nikibaki nayo sitaweza kufanya kazi.

Nisalimie Demetria, Revelian na shangazi Yuliana. Mungu awafunike kwa mkono wake. Ukipita kaburini kupalilia, mwambie mdogo wako magari yanatoka getini.

Ni mimi shemeji yako, ninayewapenda,
Yustina