Nyota Moja kwa Mtani Wangu

Geita,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu Kabula,

Mwangaluka. Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa lako hapo Nyahanga, Kahama. Goti linaendeleaje? Neema ameniambia ulichomwa sindano na sasa unaweza kupiga magoti kanisani. Kama ni kweli, niombee na mimi ukiwa huko chini, maana siku hizi nasali nikiwa nimelala. Mpunga umeota? Huku mvua ilikuja kwa fujo, ikaharibu barabara, ikaenda zake.

Hali yangu sitakuficha. Moyo umechoka, miguu imevimba, na kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika njiani kama mtu aliyebeba gunia la chumvi. Binti yangu Neema ananihudumia bila kununa. Lakini yeye ni muuguzi, na usiku akidhani nimelala namsikia anasimama mlangoni kuhesabu pumzi zangu. Hajaniambia kitu, nami sijamuuliza.

Sikutaka kukupigia simu. Pumzi haitoshi kwa maneno haya, na wewe, mdogo wangu, hukatiza watu. Kwa hiyo nimeandika, leo kidogo na kesho kidogo.

Unakumbuka uliponipigia ukaniuliza kama ni kweli yule mama niliyekuwa nakula kwake anapika paka? Nilikujibu, "Watu husema." Basi, Kabula, hakuna watu. Aliyesema ni mimi, kaka yako. Nisikilize hadi mwisho kabla hujamwita shemeji aje kukusomea upya.

Mama Zuhura ni Mzaramo wa Kisarawe. Alikuja Geita na mume aliyefuata dhahabu. Mume alifariki, yeye akabaki na sufuria zake na binti mmoja anayeishi Dar es Salaam. Hoteli yake ilikuwa ya mabati, hatua chache kutoka kwa Neema, na alipika maharage ya nazi ambayo huku kwetu hakuna ajuaye kuyapika. Nilipoingia mara ya kwanza ilikuwa tumemaliza tu arobaini ya wifi yako. Aliniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi Mnyamwezi wa Kahama. Akaweka upawa chini, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Kumbe ni wewe, mpagazi wangu," akasema. "Ule mzigo niliokutwika Bagamoyo umeupeleka wapi?"

Nikamjibu kwamba niliukabidhi kwa wazee wake, nao wakauuza pamoja na viwanja vyote vya Dar es Salaam, fedha wakazichezea ngoma. Hoteli nzima ilicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu msiba.

Wewe unaijua jadi hii. Sisi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo mabegani. Mtani anakuvua kofia asikurudishie, unadokoa nyama kwenye sufuria yake, anakuita mla michembe ya viazi usiye na meno, unamwita mvivu aliyezaliwa juu ya mkeka. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Kila asubuhi nilikwenda kunywa supu na kutukanwa, na Kabula, matusi yale ndiyo yaliyoniweka hai. Nyumbani kwa Neema kila mtu ananiheshimu. Heshima ukipewa kutwa nzima inafanana sana na kusahauliwa.

Sasa mambo ya nyota. Siku hizi mgeni akishuka Geita haulizi mtu wapi pana chakula, anaiuliza simu. Simu inamwonyesha ramani, na kila hoteli ina nyota ilizopewa na waliokula pale, kuanzia moja hadi tano, na maneno yao chini yake. Zuhura, akiwa huko Dar, ndiye aliyeiweka hoteli ya mama yake kwenye ramani hiyo. Wateja walimpa nyota nzuri. Ikatokea kampuni moja inayofanya kazi za mgodini ikawa inatafuta mtu wa kuwapikia wafanyakazi wake chakula cha mchana, na jina la Mama Zuhura likatajwa. Aliniambia kwa furaha, akiwa ameshika kiuno, kwamba nyota zikizidi kujaa kazi ni yake. Akamwomba kila mteja aandike neno. Akanigeukia na mimi.

"Na wewe Mwalimu, uliyesoma mpaka ukasahau kuoga, niandikie."

Usiku ule nilikaa kitandani na simu aliyoninunulia Neema kwa mtu. Nilitaka kumsifu, nikashindwa. Nani anamsifu mtani wake? Ingekuwa kama kumwambia kwamba udugu wetu umekwisha, sasa ni mteja na mwenye hoteli. Nikampa nyota moja. Nikaandika kwamba watu wasije hapa, mpishi ni mke wetu aliyetoroka msafara na sufuria zetu. Wali wake una mchanga wa Kisarawe, na nyama asiulize mtu ni ya nini, ila paka wa mtaa huu wamepungua. Nilicheka peke yangu hadi Neema akaja kuuliza kama nimepaliwa.

Sikujua kwamba simu inakutilia saini. Ile simu ilikuwa bado na jina la mtu aliyeiuza, na maneno yangu yalitoka kwa jina lake, mtu asiyejulikana na yeyote pale. Jambo la pili nililijua, maana nimelifundisha darasani miaka mingi: utani ni kati ya nyuso mbili. Uondoe uso wa msemaji, kinachobaki ni tusi. Nililijua, na furaha yangu ilinisahaulisha.

Asubuhi nilikwenda kusubiri kutukanwa. Hakusema kitu. Macho yake hayasomi herufi ndogo za simu, na Zuhura alikuwa katika shughuli zake. Nikasema moyoni, ataona tu, acha likomae. Likakomaa.

Siku moja alikuja kijana wa manunuzi wa ile kampuni. Hakukaa. Aliuliza akiwa amesimama, mbele ya wateja, anapika nyama gani. Mama Zuhura akadhani ni mzaha, akamjibu kwamba anapika nyama ya wanaume wanaouliza maswali. Kijana hakucheka. Akamsogezea simu usoni, akamsomea nyota moja na habari ya paka. Mambo ya msafara na sufuria hakuyasoma. Anayetafuta kosa hasomi yote. Kazi akapewa mwingine. Mama Zuhura akaja kukaa karibu nami, kitu ambacho hakukifanya kamwe wakati wa kazi.

"Mtani, kuna mtu kanichimbia kaburi," akaniambia kwa sauti ndogo. "Simjui, hanijui, wala sijamkosea."

Maneno yalikuwa mdomoni, Kabula. Yalikuwa hapa. Nikamwambia, "Mungu atamwonyesha."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Woga wa aibu upo, lakini chini yake kuna kingine: niliogopa kwamba kesho yake asubuhi sitakuwa na pa kwenda.

Nilijaribu kuyafuta maneno yale. Nikabonyeza nisipopajua, yakabaki palepale, na kumwomba Neema anisaidie kulikuwa sawa na kuungama. Basi nikafanya la wajanja. Palikuwa na fundi simu sokoni aliyesema wazi kwamba anapandisha nyota za biashara za watu. Ana laini nyingi na majina mengi, anachokosa ni maneno. Maneno ninayo. Nikamwandikia sifa kwa mkono wangu kama mtu anayesahihisha madhambi kwa wino. Nilikuwa dereva wa lori kutoka Masumbwe, nilikuwa mchungaji, nilikuwa mnunuzi wa dhahabu, nilikuwa bi harusi. Wote walimsifu Mama Zuhura kwa methali na kwa vituo vilivyokaa mahali pake. Nyota zikapanda, naye akaanza tena kuimba jikoni. Nilijiona nimelipa.

Haikuchukua muda mtu akaandika chini yake: mbona madereva wa hoteli hii wote wanaandika kama mtihani wa kidato cha nne? Watu wakacheka, wakasambaziana. Kisha wenye ramani yao wakazifuta sifa zote kwa mkupuo, za kwangu pamoja na za watu wa kweli waliokula wakashiba. Neno la paka likabaki, kwa sababu kwao lile ndilo lililofanana na la mtu halisi.

Hapo ndipo mji uliposema kwamba Mama Zuhura amenunua sifa ili kuficha paka. Wewe ni Mkristo kama mimi, labda hulioni uzito wake. Yule ni mwanamke wa kuswali swala tano. Kina mama wa msikitini waliokuwa wanampa kupika kwenye harusi na maulidi waliacha kumwita, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, bila kumwambia kwa nini. Kumlisha Mwislamu paka! Ni wakati huohuo ulipopiga simu kuniuliza, maana habari ilikuwa imefika Kahama na mabasi. Nikakujibu nilivyokujibu. Na najua uliwaambia wenzako wa kwaya, kwa sababu ulisema, "Ngoja nikawaambie."

Alifunga hoteli kabla ya Ramadhani. Akaja kuniaga, mimi nikiwa nimeshaanza kulala kutwa. Alikuwa anakwenda Masumbwe, kwa mwanamke mwenzake, kuuza maandazi na chai stendi. Alikaa pale ukingoni mwa kitanda, akanivua kofia kama kawaida yake, akaivaa yeye.

"Ukifa uniite," akasema. "Nitalala ndani ya kaburi lako, sitoki mpaka ndugu zako wanipe mbuzi. Wewe ndiye umebaki wa kunitukana mchana kweupe."

Akaondoka na kofia. Sikusema.

Mwezi uliopita daktari alizungumza na Neema nje, kisha Neema akaingia akiwa amenawa uso. Nikamwambia lete simu, keti, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alilitafuta lile neno, akalifuta kwa muda mfupi kuliko wa kupoza chai. Nikamwomba aniandikie jingine, kwa jina langu kamili na kazi niliyoifanya, kwamba mimi ndiye niliyeandika habari ya paka, kwamba ulikuwa utani, na kwamba sifa zile za baadaye nilizitunga mimi bila mwenye hoteli kujua. Tukampa nyota tano. Hoteli yenyewe imefungwa. Nyota hizo zinaning'inia juu ya mabati matupu, na mwenye mabati ameshapangisha mtu wa vipuri vya pikipiki.

Kisha nikampigia Mama Zuhura. Nilimwambia mwenyewe, kwa pumzi yangu, nikipumzika kila sentensi. Hakunikatiza hata mara moja. Nilisikia stendi nyuma yake, watu wanaita abiria wa Kahama na Runzewe. Nilipomaliza nikasubiri anitukane. Niliyataka matusi yale kuliko dawa. Kabula, yule mwanamke hajawahi kuniamkia tangu tujuane. Aliniambia hivi:

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekusikia. Nakuombea afya njema."

Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini? Akakata simu taratibu.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, wale wa kwaya uliowaambia habari ya paka, warudie mmoja mmoja, uwaambie kaka yako ndiye mwongo, na unitaje jina. Usiseme "kumbe haikuwa kweli." Useme ni nani. Stendi ya Masumbwe wanashuka watu wa Kahama kila siku, na yule anauza chakula.

Wasalimie wote. Msalimie shemeji Luhende, mumeo, nimemsamehe lile jembe. Msalimie shangazi yetu aliyebaki, umpigie kelele sikioni kwamba nimemtaja. Msalimie mama mchungaji, na wajukuu wako wote, hasa yule mwenye mwandiko mbaya, umwambie mwandiko hauponi kwa kuharakisha. Neema anakusalimu, amenishikia karatasi hii isiteleze.

La pili ni la siku ya kunizika. Mpeni habari Mama Zuhura kama mnavyowapa ndugu, wala msimbembeleze. Asipokuja, msitafute Mzaramo mwingine wa kukaa mahali pake. Shusheni jeneza bila utani. Akija na khanga yake, akawapa pole kwa adabu, akakaa na kina mama kimya, mpeni chai na mumwache. Lakini akija akalala ndani ya shimo lile akaanza kunitukana, Kabula, msimtoe haraka. Mwacheni aseme yote, hata jua likizama. Kisha mpeni mbuzi.

Mimi kaka yako,
Maganga.