Anayeshtuka Hachimbi Kwanza

Alexandria, Virginia
Novemba

Kaka Kiprono,

"Mita mia si mbio, dada, ni kushtuka tu, kama mbuzi aliyeona fisi. Mbio ndefu zina heshima. Hizi fupi ni za msichana asiyejua anakokwenda." Ndivyo ulivyoniandikia, kisha ukaongeza, kama jambo dogo, kwamba umeing'oa misumari ya soli za viatu vya mbio vya binti yako Chebet kwa koleo ili avivae shambani.

Nakusalimu hata hivyo, maana tulilelewa. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mahindi mmeshavuna? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaougua. Ningekupigia simu, lakini kadi huisha tukiwa bado tunaulizana habari za mvua, na kwenye simu wewe hunikatiza. Kwenye barua utanisikia mpaka mwisho.

Tumemzika Bibi Hilda, yule mzee Mwingereza niliyekuwa nikimwogesha katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Wewe unasema kushtuka. Yeye alikimbia mita mia kwa ajili ya nchi yake wakati ambapo wanaume wa huko waliandika magazetini kwamba mwanamke akikimbia hatazaa. Akishinda, waliandika habari za mapaja yake kwanza. Kaptula alijishonea mwenyewe. Vyuma vya kukanyagia wakati wa kuanza havikuwapo, kwa hiyo kila mkimbiaji alijichimbia vishimo viwili vya miguu kwa mwiko mdogo wa bustani.

"Kishimo kibaya, mbio mbaya," aliniambia nikimfunga vifungo. "Nilipima kwa kiganja. Watu waliniona nikikimbia, hawakuniona nikichimba."

Sasa niambie, Kaka. Anayeshtuka huchimba kwanza?

Aliolewa na Mmarekani, wakahamia huku. Mume akasema mke wake hatamwonyesha mtu magoti tena, na habari za mbio zisitajwe nyumbani. Aliacha wakati kasi yake ilikuwa bado inapanda. Ule mwiko aliubakiza. Ulikaa dirishani kwake, na siku mbaya aliushika tu mkononi.

Kanisani binti yake anayeishi Fairfax alisifu keki za mama yake na maua yake ya waridi. Mbio hakuzigusa. Baada ya ibada nilimfuata penye kahawa nikamuuliza mwiko uko wapi.

"Ule wa waridi?" akasema. "Tuliuuza Jumamosi pamoja na vyungu."

"Ulikuwa wa uwanjani. Mama yako alikimbia kwa niaba ya nchi yake."

"Mama?" Akacheka kwa upole, kama anayemliwaza mgeni. "Mama hata basi hakuwahi kulikimbilia."

Unanijua, mimi hubishana hata na mhubiri wa televisheni. Mwenzangu wa kazini, Mtanzania, alikwisha kunishika mkono: "Dada, msiba si bunge." Hakuwa na haja. Ningebishana na nani? Mume amekufa, wale waandishi wamekufa, na huyu mtoto hana kosa. Nimesoma vitabu vingi, Kaka, nimeshinda mabishano mengi, na sioni jambo hata moja ambalo ushindi huo ulilibadilisha. Nilirudi kwa basi nikitafuta hasira yangu, angalau inipashe joto, nikaikosa. Bado sijaipata. Hilo linaniogopesha kuliko msiba wenyewe.

Maana mkimbiaji hauawi na mtu. Mwiko wake hufanywa wa waridi, viatu vyake hufanywa vya shambani, naye huzeeka vizuri, na siku ya kumzika watoto wake hucheka.

Mpe Mama mkono wangu. Mwambie wifi yangu kwamba najua aliviona viatu vile akaenda kulia jikoni. Nawe Baba mdogo, fundi seremala, Mama akitaka kuisikia barua hii najua utaombwa wewe kuisoma kwa sauti, maana macho yake hayaoni vizuri. Basi usiruke hapa.

Kaka, vitoe viatu. Rudisha misumari yote, Chebet akikutazama, kabla timu yake ya mbio haijaondoka kwenda mashindano ya mkoa. Ukisema imepotea, piga magoti uitafute. Nawe Baba mdogo, usiondoke hapo mpaka amalize.

Dada yako, shangazi wa Chebet,
Jerono