Madoa ya Chui kwenye Ngozi ya Mbuzi

Jumatatu, 3 Machi

Mzigo umezuiwa! Wakala amepiga simu asubuhi nikiwa na sindano mdomoni, nusura niimeze. Mikoba ishirini na minne, ngozi ya ng'ombe, kifuniko cha manyoya, kila mshono kwa mkono. Yote iko kwenye ghala la forodha, mpakani. Sababu hawajamwambia. Wamelifunga kasha kwa utepe tu. Utepe! Kana kwamba kuna maiti ndani.

Maonyesho upande wa pili yanafunguliwa Jumamosi, tarehe 15. Mama mwenye duka wa kule alisema wazi: mikoba ikiwahi, ananichukua mwaka mzima. Isipowahi, nafasi anampa mwingine. Na hapa kwetu nani anataka mkoba wa ngozi siku hizi? Nikikosa hili, nafunga karakana. Basi. Nafunga.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Wakanipeleka kwa afisa wa wanyamapori, mtu mpole, miwani mikubwa. Aliweka mkoba mmoja mezani, akapapasa manyoya, akaniambia hii ni chui.

Nikacheka. Mungu wangu, kwa nini nilicheka! Akauliza, mama, unachekea nini, chui ni kifungo. Nikamwambia afande, ni mbuzi, mbuzi kabisa, hayo madoa ni rangi. Akayaangalia tena kwa karibu, pua inagusa. Kasema rangi haikai hivyo.

Yaani naozea jela kwa sababu kazi imetoka vizuri!

Na ghala linavuja. Kasha letu liko chini sakafuni. Manyoya yakilowa yananuka, halafu yananyonyoka. Nimewaomba walisogeze. Wamesema limefungwa, haliguswi.

Alhamisi, 6 Machi

Kiwanda cha ngozi. Nilitaka barua tu, kwamba walichoniuzia ni mbuzi. Msimamizi kasema barua ya nini, mhuri wetu uko nyuma ya kila ngozi, waonyeshe huo.

Huo mhuri! Niliukwangua mwenyewe kwa kipande cha chupa, ngozi moja baada ya nyingine, ili upande wa ndani uwe safi. Hakuna aliyenituma. Usafi wangu huu utaniua.

Nimeuliza habari ya kupima manyoya maabara. Wiki sita.

Jumamosi, 8 Machi

Afande amepata njia. Kwenye fomu niliandika kazi yote ni ya mikono yangu, kuanzia kukata mpaka madoa. Basi, kasema, njoo Jumatatu na kipande cha mbuzi mweupe, uchore mbele yangu. Akiona kwa macho yake, anaachia mzigo. Nikaitikia. Tena kwa furaha, kama mwehu!

Sasa niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Sijawahi kuchora doa hata moja. Anayechora ni Wifi, dada wa mume wangu. Miaka tisa tumekaa karakana moja, mimi nashona, yeye anachora. Mwenye duka aliponiambia wateja wa kule wanapenda fundi mmoja, mwanamke mmoja, jina moja, mimi nikashona lebo zenye jina langu. Zote ishirini na nne. Wifi alipoziona hakugomba. Alivua aproni, akaitundika, akaondoka. Mwezi wa pili sasa hajakanyaga hapa, nami nimejitia kiburi, sijamfuata.

Jumapili, 9 Machi

Nimeharibu ngozi mbili. Rangi inatambaa tu. Baba watoto kachungulia, kauliza, huyo chui ana upele? Nikamrushia mswaki wa rangi. Kasema nenda kwa dada. Nikasema bora nilale selo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga bendeji kidoleni. Kidole kizima, hakina hata mkwaruzo! Nikamwambia afande nimejikata kwa kisu cha ngozi. Akautazama mkono, akanitazama usoni. Kanipa Alhamisi, mara ya mwisho. Baada ya hapo faili linakwenda polisi. Na lori la mwisho la kuwahi maonyesho linaondoka Alhamisi hiyohiyo, saa kumi jioni.

Nililia kwenye basi, mbele za watu. Mama mmoja kanipa pole, akadhani nimefiwa. Sikumkatalia.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda.

Alikuwa mlangoni kwake anamsuka jirani. "Wifi yangu! Leo umekumbuka njia? Au umeniletea na mimi lebo?" Jirani akacheka. Haki yao. Nikapiga magoti palepale, kwenye nywele zilizodondoka, nikasema yote: ghala, chui, polisi, bendeji. Nilipofika kwenye bendeji naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja.

Kisha akarudi kwenye nywele, akamaliza mistari miwili. Mwishowe kasema atakuja. Kwa ajili ya mikoba, si kwa ajili yangu. Na akiulizwa swali, atajibu kweli. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Nimemkosea. Nimemkosea sana, na nisingekamatwa nisingekwenda. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la forodha.

Amechora. Kachana manyoya kinyume, katia rangi kwenye shina kwa mswaki uliokatwa, kapuliza, kayalaza. Si doa tupu, ni duara lililokatika, moja, jingine, jingine. Dakika ishirini! Afande alivua miwani. Akaweka kipande karibu na mkoba, akaita wenzake wawili, hakuna aliyeona tofauti. Karani kasema hata chui mwenyewe angekuja kudai ndugu yake. Nilitaka kupiga vigelegele.

Halafu afande akafungua fomu. Kauliza, hii "mikono yangu" ni mikono ya nani? Wifi akanigeukia. Alikuwa ananiachia mimi. Nikasema. Nikataja jina lake kwa sauti, karani akaliandika chini ya langu.

Chui hakuna tena, polisi hakuna. Ila lebo zisizolingana na fomu mpya lazima zitoke, na mpokeaji akubali mabadiliko kwa simu, ndipo wagonge mhuri. Tumefumua lebo zote, mimi kumi na mbili, yeye kumi na mbili. Mikoba mitatu ya chini imelowa. Wifi kaifuta kwa kanga yake.

Saa tisa na nusu. Wakala amemtumia mwenye duka ujumbe. Yule mama anasubiri mikoba ya fundi mmoja. Akikataa, lori linaondoka bila sisi, na tulichofumua ni bure.

Simu inaita. Ni yeye. Inatetemeka kwenye benchi, katikati yetu.

"Pokea," kasema Wifi, anasugua rangi kwenye kucha. "Mwambie tuko wangapi."

Imekata.

Inaita tena.