Dereva Asiyetazama Kushoto

Alhamisi, 1 Agosti 1957

Saulo amevunjika mkono. Hendeli ya gari! Aliizungusha asubuhi na baridi, injini ikakohoa, hendeli ikarudi nyuma ikampiga kifundo. Niliusikia mlio nikiwa jikoni — kama kuni kavu. Mara ngapi nimemwambia mume wangu: kidole gumba kisizunguke hendeli, kikae upande mmoja na wenzake. Hasikii. Mimi nilifundishwa na bibi Mzungu wa shamba la pareto kule Kilolo, tulikofanya kazi wakati wa vita, na sijavunjika hata ukucha.

Amefungwa ubao. Majuma sita asishike kitu.

Na daktari mgeni wa macho yuko hospitali ya Tosamaganga mpaka mwisho wa mwezi huu tu! Asukile wangu ndiye aliyetuandikia. Barua nzuri, mwandiko umenyooka kama matuta ya viazi. Mwanangu ni dresa, msaidizi wa daktari, kule. Nguo nyeupe kila siku. Wagonjwa wanamwita daktari, yeye anakataa kwa adabu. Anasema mleteni Babu upesi, ukungu wa macho unatolewa, watu wanaona tena.

Mzee, baba yake Saulo, yuko gizani mwaka wa sita.

Ijumaa, 2 Agosti

Nani atampeleka? Kupanda basi Mzee hataki hata kusikia. Mwaka juzi alitapika toka Mbeya mpaka Chimala, abiria wakapiga kelele, akashushwa njiani kama mzigo uliooza. Crispin jirani yetu, dereva wa kuaminika, amekwenda Nyasa na gari la tajiri wake.

Jioni Saulo akatazama ukutani. Leseni yangu, kwenye fremu. 1943. Mwanamke gani mwingine mweusi Mbeya hii ana leseni? Anionyeshe! Wageni wote huisoma kabla hawajakaa.

Nikamwambia, usitazame huko.

Akasema, Ikupa, pikapu ipo, petroli ipo. Mtu ndiye hayupo.

Nikaenda kupepeta mchele ambao nilikwisha kuupepeta.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimemjibu Saulo: nimesahau kuendesha. Tena baba yako ni mkwe wangu. Nimeolewa miaka ishirini na minne, sijauona uso wake. Kwetu ndivyo. Akipita njiani, mimi naingia kwenye migomba. Akikohoa uani, natokea mlango wa nyuma. Chakula chake napika mimi, anapeleka Saulo. Hata hapa, kwenye daftari langu mwenyewe, jina lake siandiki. Mchungaji anasema tumeokoka, mambo hayo yamepita. Sawa. Lakini mzee hajasema yamepita.

Saulo akasema, Baba haoni. Utakaa kwenye usukani, mimi katikati, yeye dirishani kushoto. Usiseme neno. Nitamwambia dereva ni Msafwa, Eliezeri, mtu wa kimya.

Yeye haoni. Mimi je? Mimi sina macho?

Jumapili, 4 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimeendesha.

Nimeandika neno hilo kama jambo kubwa. Haya, ukweli: nimezungusha hendeli mwenyewe (mara ya kwanza tu ikawaka!), nimekaa, nimeshika usukani, mguu wa klachi ukaanza kucheza ngoma peke yake. Gari limeruka kama chura, limezima. Mara tatu. Marta wa jirani alikuwa ukingoni mwa uwanja wa shule, mtoto mgongoni. "Mama Asukile! Hilo si jungu, halikorogwi!" Nikamjibu aende akakoroge lake linaloungua. Akacheka. Mimi pia. Kisha akaenda, na sikucheka tena.

Huwaambia watu kwamba niliacha gari kwa sababu ya watoto. Leo niandike. Hakuna asomaye.

1949, Kilolo. Mpando wa kutoka bondeni kwenda kwenye kikaushio cha pareto. Injini ilizima katikati ya mlima. Evarista, mchuma pareto, mama wa watoto wawili, aliruka toka juu ya magunia aweke jiwe nyuma ya tairi, kama siku zote. Mimi nikaachia breki. Nilidhani amekwisha kutoka nyuma ya tairi. Nilikuwa natazama mlima tu. Gari likarudi.

Hakimu alisema ajali. Bibi wa shamba alisema ajali. Mama yake Evarista alinisogelea. Alinitazama mikono.

Basi.

Jumatatu, 5 Agosti

Duara kumi uwanjani bila kuzima. Gia ya pili bila kulia. Nikatoka barabarani mpaka darajani na kurudi, jasho limelowesha kitambaa cha kichwa. Nilikutana na lori la kahawa. Nilisimama kando mpaka vumbi lake lote likatua, halafu nikabaki nimesimama tu.

Saulo ananisifu mno. Akinisifu hivyo najua anaogopa.

Jumanne, 6 Agosti. Chimala

Tumefika Chimala. Nimeendesha maili hamsini! Na sijui niseme nini.

Asubuhi nilikuwa nimekwisha kukaa, macho mbele, Saulo alipomleta. Nilisikia fimbo, nikasikia mlango. Harufu ya tumbaku na ya blanketi nililofua juzi. Nimevaa koti la Saulo na kofia yake. Sikugeuka. Siku nzima sikugeuza shingo kushoto hata kidogo. Saulo ndiye jicho langu la huko. Ananong'ona: kushoto wazi. Kushoto mtu. Kushoto shimo.

Mzee aliniamkia. "Ndaga, dereva." Saulo akadakia kwamba huyu Eliezeri hasemi akiwa kazini. Mzee akapendezwa. Akasema dereva anayesema anatafuta ajali.

Alizungumza njia nzima. Mbegu, ng'ombe, ndugu waliokufa. Anamsifu dereva: mkono mwepesi, mashimo anayapita kama anayajua. Kifua changu kikajaa. Kisha, tukipita Igurusi, akasema hivi — nayaandika yalivyo: "Huyu ni dereva. Si kama mkeo, aliyeua mtoto wa watu akaja kujificha jikoni, na leseni akaitundika ukutani kama picha ya arusi. Chakula chake nakila kwa sababu ya njaa."

Saulo akasema, Baba. Neno hilo tu.

Niliendelea kuendesha. Ningefanya nini? Machozi na vumbi, tope usoni. Singeweza hata kupenga kamasi, angesikia.

Jumatano, 7 Agosti. Makambako

Mkono unauma, lakini naandika.

Igawa, asubuhi, siku ya soko. Watu wa Ubaruku na baiskeli zao, magunia ya mchele mawili mawili. Saulo alikuwa amesinzia, dawa ya maumivu. Sikujua! Nangojea anong'one, hanong'oni, nikadhani kuko wazi. Ndipo kengele ya baiskeli ikalia karibu sana. Kushoto.

Nikageuka.

Nilipita uso wake kwanza. Huwezi kutazama kushoto pale bila kumpitia yeye. Nikaona uso, nyuma ya uso nikaona gunia, gurudumu, mtu amefumbua kinywa. Nikakanyaga breki na miguu yote miwili, nikapiga kelele. "Yesu wangu!" Sauti yangu. Sauti ya mwanamke kabisa.

Mtu wa baiskeli alianguka mwenyewe, mchele ukamwagika, hajaumia. Alitutukana matusi ya Kisangu na Kiswahili, akamaliza, akaanza upya. Watu wakamsaidia kuzoa. Wengine wakaja kuchungulia dirishani kwangu: "Loo, mwanamke!" Kwa sauti kubwa.

Toka Igawa Mzee hakuzungumza tena mbegu wala ng'ombe.

Uso wake ni uso wa Asukile. Pua ile, masikio yale yaliyosimama, hata kikunjo kati ya nyusi. Miaka ishirini na minne nimeukimbia uso niliouzaa mwenyewe.

Mchana ukaja mpando wa Makambako. Nilikuwa nauwaza toka Mbeya. Katikati, injini ikazima. Nyuma yetu mteremko, chini kabisa Usangu yote, moshi wa mashamba. Nikavuta breki ya mkono. Saulo akaanza kumpanda baba yake magoti, ashuke aweke jiwe. Kwa mkono mmoja! Nilimkamata shati. Nilimkamata hata likachanika. Akanitazama usoni akaelewa, akakaa.

Halafu nikakumbuka: hendeli iko mbele ya gari. Lazima mtu ashuke aizungushe. Nikashuka mimi. Saulo akakaa kwenye usukani, mguu kwenye breki, mkono wake mzima juu ya breki ya mkono. Mara ya nne ikawaka. Kurudi ndani nilimwomba Mungu kwa sauti, maana sauti yangu si siri tena. Gia ya kwanza. Klachi taratibu, taratibu, mpaka gari litetemeke, ndipo breki iachiwe. Halikurudi hata inchi moja.

Sikufurahi. Nilidhani siku hiyo ikifika nitaimba. Niliona tu kwamba ilikuwa rahisi. Ingekuwa rahisi hivyo hivyo Kilolo.

Alhamisi, 8 Agosti. Tosamaganga

Tumefika saa tisa. Asukile alitoka wodini anakimbia, mkanda mweupe, viatu vinang'aa. Amekonda, lakini mzuri. Mwanamke mmoja ukumbini akauliza, nani dereva wa gari lile? Nikamwambia ni mimi, na dresa yule ni wangu pia. Tumbo hili hili!

Mzee ameshushwa na Asukile. Nilijificha nyuma ya gari. Alipopita aliweka kiganja kwenye boneti, ikamchoma, akakiacha pale kidogo.

Jumamosi, 10 Agosti

Operesheni leo. Jicho moja, la kulia. Asukile anasema imekwenda vizuri, asitikise kichwa siku kumi. Nimepata mahali kwa Lusia, mjane jirani na misheni. Siingii wodini. Nampikia uji, Saulo anampelekea.

Jumatano, 14 Agosti

Anaula uji wote. Hasemi na Saulo ila ndiyo na hapana.

Jumanne, 20 Agosti

Anaona! Kitambaa kimetolewa, amepewa miwani minene kama vitako vya chupa. Amemtazama Asukile muda mrefu, akamgusa masikio. Mwanangu alinisimulia huku analia, mwanamume mzima.

Mimi nililia kwa Lusia. Kwa furaha, naam. Na kwa hofu. Sasa anaona. Nani atamrudisha? Nyuma ya gari hakufai, vumbi na mitikisiko. Kwenye usukani nami siwezi tena kukaa kama Eliezeri.

Jumatano, 21 Agosti

Mzee amemwita dereva amshukuru. Saulo — wanaume hawa! — akamvika koti Filemoni, mpishi wa misheni, akampeleka. Asukile alikuwa pale, kanieleza. Mzee akamsogelea Filemoni na miwani yake, akanusa. Akasema, ahsante mwanangu, rudi upesi, vitunguu vyako vinaungua.

Kisha akamwambia Saulo: narudi na aliyenileta. Mwingine simpandii gari. Kama hayuko, nizikeni huku huku.

Saulo amekuja kwa Lusia ameshika kichwa. Nikamuuliza, alisema aliyenileta nani? Alitaja mtu? Hakutaja. Alisema kwa hasira? Hajui. Utaolewaje na mtu asiyejua baba yake amekasirika au la!

Sijalala vizuri.

Alhamisi, 22 Agosti

Saa mbili asubuhi. Naandika juu ya ukuta wa kanisa. Niko upande wa pili, wao hawanioni, mimi nawaona.

Asukile amemleta mpaka mbele ya gari. Mzee amesimama. Ametazama vilima, huku na huku, bila haraka. Moshi wa mashamba, ng'ombe wa misheni, wanawake wanaopita na kuni. Miaka sita. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha amevua miwani. Ameikunja vipini vyake, ameiweka mfuko wa shati. Kutoka mfuko wa suruali ametoa kitambaa — kile cha hospitali, kimefuliwa — amejifunga macho. Mwenyewe. Mara mbili, fundo nyuma. Asukile akamshika mkono, Mzee akautoa. Akapapasa gari mpaka mlango wa kushoto, akapanda.

Daktari hakuagiza hivyo. Nimemwita Asukile nyuma ya ukuta nimemuuliza mara mbili. Mama, hakuna aliyemwagiza. Vumbi? Mama, miwani inatosha kwa vumbi.

Siku tatu za njia. Njia yote ya kwenda nyumbani, na jicho jipya gizani.

Sijui amejifunga ili mimi niweze kuendesha. Au amejifunga kwa sababu hataki jicho lake jipya limwone mwuaji wa Evarista. Saulo naye hajui. Anakaa katikati, jasho linamtoka na baridi hii.

Asukile amezungusha hendeli. Kidole gumba upande mmoja na wenzake, nimeona. Injini inanguruma. Mguu wangu wa klachi umetulia, lakini haujaondoka hapa ukutani.

Mzee amesema kitu. Asukile amekuja kuniambia. Babu anauliza kama dereva amekwisha kula.

Nimesema ndiyo. Sijala. Asukile amerudi kumwambia.

Mzee amegeuza uso uliofungwa upande wa usukani, kiti kitupu, na hauondoi.