Nyanya Zilizooza kwa Agizo la Redio

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Chiriku,

Naomba radhi kabla ya salamu. Huo si utaratibu, lakini hata ukimya wangu haukuwa wa utaratibu. Barua yako ya kunikaribisha nije kuishi nanyi ilinifikia siku nyingi zilizopita. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya kitambaa cha redio, na tangu siku hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikikugombeza utotoni kwa kutoitikia salamu za watu wazima. Leo zamu ni yako, nigombeze, nitanyamaza.

Sasa salamu. Hujambo, binti yangu? Mkwe wangu naye hajambo? Mgongo wake umepata nafuu, au bado huinuka kitini kwa kusindikizwa? Na wajukuu wangu, wanakula, wanalala, wanagombana? Mtoto asiyegombana na nduguye mpime joto, huenda ana homa.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Goti la kushoto halijapona, ila tumezoeana. Macho yananitosha kwa kusoma, na meno yananitosha kwa mkate usiokauka.

Tangu baba yako mkubwa alipotangulia, nyumba hii imenizidi ukubwa. Nimefunga milango ya vyumba viwili ili nipate nyumba ndogo. Mlango wa mbele haubishwi na mtu isipokuwa msoma mita, naye akishasoma mita yake huaga, kwa kuwa hakutumwa kitu kingine.

Kwa hiyo nimekuwa mtu wa redio. Usicheke. Ile redio niliyokuwa nikimwambia baba yako mkubwa aipunguze sauti, sasa mimi ndiye ninayeipandisha. Nasikiliza kituo kidogo cha hapa mtaani. Jumatatu kuna kipindi cha bustani za uani, cha mtu aitwaye Bwana Jembe. Jumanne ni mapishi, na mpishi mwenyewe hula silabi nyingi kuliko chakula anachopika. Jumatano ni afya, na daktari wake ana sauti ya mtu aliyetoka kunawa mikono. Alhamisi ni utamaduni, yaani methali, vitendawili na asili ya maneno. Huyo wa Alhamisi nabishana naye sana. Siku zilizobaki ni muziki mtupu, nami hukaa kimya. Ndiyo maana barua hii inaandikwa Jumapili.

Nilianza kwa kumsahihisha mpishi, nikaishia kuitikia salamu za wote. Fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, alinisikia siku moja akachungulia, pini mdomoni.

"Mwalimu, leo una mgeni?"

"Sina. Nazungumza na redio."

"Nayo inakujibu?"

"Inanijibu kuliko baadhi ya majirani."

Alicheka hadi pini zikamwanguka. Fundi ni mtu mwema, lakini ana mkewe, ana watoto, ana cherehani zake. Akishaingia ndani, ukuta unarudi kuwa ukuta.

Sasa nikueleze habari ya nyanya. Unakumbuka kile kipande cha bustani nyuma ya jiko, ambacho baba yako mkubwa hakutaka mtu mwingine akikanyage. Nilianza kukilima kwa kufuata maagizo ya Bwana Jembe. Nilitia mbegu kitaluni, miche ikaota vizuri. Kisha Jumatatu moja akatangaza kwamba mvua zimekwisha, tuhamishie miche bustanini, na wala tusijisumbue kuchimba mifereji ya kutolea maji. Wingu lilikuwa limetanda jeusi kama sufuria ya msibani. Hata goti lilinionya. Fundi naye akasema, "Mwalimu, wingu lote hilo hulioni?" Nikamjibu kwamba mtaalamu amesema mvua zimekwisha, na mimi si mtu wa kubishana na mtaalamu.

Jumanne mpishi akasema ni wakati mzuri wa kuanika mboga juani. Nikatandaza sinia uani. Jumatano daktari akatuonya kuhusu vumbi na kikohozi cha kiangazi. Alhamisi, mvua ikiwa imekwisha kuanza, vitendawili vyote vilihusu jua. Nikajiambia kwamba mashahidi wanne hawawezi kukosea kwa pamoja. Basi mbingu ndiyo iliyokosea.

Mvua ilinyesha juma zima, na juma lililofuata ikaendelea. Miche ilizama. Michache iliyonusurika ilizaa nyanya zenye madoa meusi, zikaozea kwenye shina kabla ya kuiva. Hapo nilikasirika, na wewe unajua hasira yangu haipigi kelele, huvaa viatu. Nilitia nyanya mbovu kikapuni, nikavaa, nikaenda kituoni. Nilichagua siku ya Jumatatu, nikatoka nyumbani wakati kipindi cha Bwana Jembe kinaanza, ili asipate mlango wa kunikwepea.

Kituo chenyewe kiko juu ya duka la viatu. Ngazi zake ni za mateso. Ndani nilikuta viti vingi na mtu mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta ya kiume. Nilimtambua alipofungua kinywa: ndiye anayetutajia saa kila saa inapotimia. Mtaani tunamwita Mama Saa. Sauti ya Bwana Jembe ilikuwa ikitoka kwenye spika iliyo ukutani, ikieleza habari ya mbolea.

Niliweka kikapu mezani. "Nimekuja kumwona Bwana Jembe."

Alizitazama nyanya, kisha akanitazama mimi. "Bwana Jembe hayupo, mama."

"Yupo. Namsikia anazungumza humu humu ndani."

"Hiyo sauti ni ya mwaka juzi," alisema. "Mwenyewe tulimzika mwaka jana."

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Bwana Jembe akamaliza habari ya mbolea, akatuaga kwa maneno yake ya kila siku, nami kwa mazoea nikamwitikia. Mama Saa akageuzia uso dirishani ili asinione.

Baadaye alinieleza. Daktari alihamia mji mwingine. Mpishi alikwenda kulea wajukuu. Yule wa Alhamisi, mgomvi wangu, sauti imemwishia. Amebaki yeye na fundi mitambo, nao hurudia vipindi vya zamani kwa jinsi mkono unavyovifikia, bila kuangalia ni vya majira gani.

"Narudia mwaka mzima sasa, na hakuna aliyepiga simu," aliniambia. "Wewe ndiye wa kwanza kulalamika."

"Kwa hiyo hakuna anayesikiliza?"

"Yuko mmoja. Kaniletea nyanya mbovu."

Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kama kile cha watu wanaokutana mazishini. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba wenye kituo wametoa sharti: mvua zikiisha bila kipindi kipya cha kudumu hata kimoja, mitambo itazimwa. Akaniomba nishike kipindi cha Jumatatu.

"Mimi sijui bustani," nilimwambia. "Nimeozesha kila kitu."

"Basi njoo uozeshe hewani. Wataalamu nilikuwa nao, mama, na simu haikulia."

Nilikwenda Jumatatu iliyopita, kwa kujaribu tu. Niliandika kurasa zangu, nikazisahihisha mara mbili. Taa nyekundu ikawaka, nikawasalimu wasikilizaji. Bwana Jembe alikuwa na desturi ya kunyamaza kidogo baada ya salamu. Siku zote nilidhani anakunywa maji. Nami nikanyamaza. Nilisikia feni tu. Naujua ukimya huo unavyokuwa ukishafika ndani ya nyumba ya mtu.

Nilisoma habari ya nyanya na ya sinia. Halafu nikasema jambo ambalo halikuwamo katika kurasa, na ambalo hata wewe sikuwa nimekuambia. Mji umelisikia kabla yako, unisamehe. Siku ile ya Jumatano, mvua ilipoanza, nilitoka mbio kuziokoa sinia, nikateleza, nikaanguka uani. Sikuvunjika kitu, lakini goti lilikataa kuniinua. Nilimwita fundi, mvua juu ya mabati na cherehani vilimziba masikio. Nilikaa kwenye matope na mboga zimenizunguka, daktari akiendelea jikoni kunieleza hatari za vumbi. Kipindi chake kikaisha, Mama Saa akataja saa, nami bado nimekaa. Mwishowe nilijiburura hadi kwenye ndoo, nikaishika, nikainuka.

Nilipomaliza kusema hayo, simu ya kituo ililia. Mama Saa alishtuka kama aliyesikia jina lake kaburini. Alinipa mkono wa simu. Aliyepiga alikuwa mwanamke, mtu mzima kwa sauti, na hakunisalimu.

"Ulikaa muda gani hapo chini?"

"Hadi daktari alipomaliza kipindi, na zaidi kidogo."

Kisha akasema, "Mimi nilikaa chini, jikoni. Hadi asubuhi." Akakata simu.

Hatujui ni nani. Simu ya kituo ni ya zamani, haionyeshi namba. Nimeuliza dukani, nimemuuliza fundi anayewashonea wanawake wote wa mtaa huu, hakuna anayejua. Tangu siku hiyo, nikipita barabarani huwatazama wanawake wa rika langu magotini, kitu ambacho si adabu.

Basi hapo ndipo nilipo. Umeniandikia kwamba chumba kimekwisha kupakwa rangi, kwamba hakina ngazi, kwamba unaogopa nitaanguka na asijue mtu. Hofu yako ilikuwa ya kweli hata kabla hujaiandika, na mimi niliyeanguka sina haki ya kuibishia. Kwenu nitaulizwa kila asubuhi nimelalaje. Hapa hakuna anayeniuliza. Kipindi ni cha nusu saa na juma ni refu, Chiriku. Nikitoka kituoni narudi kwenye nyumba ile ile, na usiku wa jana nilizungumza na birika.

Lakini yule mwanamke hana njia ya kunipata isipokuwa Jumatatu, na mimi sina njia ya kumpata isipokuwa kusema na kusubiri. Nikija kwenu, nitakuwa nimeinuliwa mimi, na yeye nitakuwa nimemwacha sakafuni. Nikibaki, huenda asipige tena simu, nami nitakuwa nimeacha watu wangu wa damu kwa ajili ya sauti. Nimeyapima yote mawili, na kila nikipima mizani inalala upande mwingine.

Kesho nitakwenda kituoni. Hilo nimekwisha kuliamua, na ni hilo tu. Mama Saa anataka jibu kabla ya mvua kuisha, na wewe umesubiri kuliko yeye.

Nina ombi moja. Usinipigie simu kunibembeleza. Nikiisikia sauti yako nitakuja, na nitakuwa nimekuja bila kuamua. Ukinipenda, niache nifike mwenyewe kwenye jibu, hata nikichechemea.

Nisalimie sana mkwe wangu, na umwambie asinyanyue vitu vizito kwa ushindani. Wabusu wajukuu wangu. Yule mkubwa mwambie barua yake niliipata, mwandiko ni mzuri ila mistari inapanda mlima. Mnisalimie pia mama mkwe wako, aliyekubali kunipisha chumba chenye dirisha. Fundi na mkewe wanawasalimu nyote.

Mungu awafunike kwa rehema yake, awape riziki ya kutosha na usingizi wa amani, na asiwaache mkae chini bila mkono wa kuwainua.

Nikishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, na bahasha nitaipeleka posta kwa miguu yangu.

Ni mimi, mama yako mkubwa, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika.