Baba Ngoie, Nimechoka Kuingoja Motokari Yako ya Umeme

Mpendwa Baba Ngoie,

Sijui barua ya marehemu hupelekwa wapi, kwa hiyo hii naiacha wazi na asome anayetaka. Nina neno linalonichemka moyoni tangu mvua ilipoanza, na wewe ndiye uliyelianzisha ukaniachia. Ni lile lile la motokari.

Kuna moja inauzwa hapa hapa Lubumbashi, mtaa wetu wa Bel-Air, barabara ya pili kutoka kwetu. Ni nyeupe, ya kubebea mizigo, na inakunywa mafuta kama zote ulizozikataa. Mwenyewe anahamia Kolwezi na ameniambia waziwazi kwamba baada ya Jumapili atampa mtu mwingine. Pesa ipo, nimeiweka kutoka kwenye biashara yangu ya samaki. Kuendesha ulinifundisha mwenyewe. Kitu pekee kinachonizuia ni wewe, mume wangu, na wewe uko kaburini.

Ungekuwa hai ningekugombeza vizuri. Ningepiga kelele mpaka majirani wazime redio wasikilize. Sasa nagombana na picha yako ukutani, na wewe unatabasamu tu kama kawaida yako.

Tuanze na ile motokari yetu ndogo ya kwanza. Nani aliiuza? Ilikuwa mbovu kidogo, sikatai. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba na dirisha moja halikupanda. Lakini ilitembea. Ilitupeleka Kasenga kuchukua samaki na kuturudisha, na asubuhi ilimfikisha Ngoie shuleni. Kisha siku moja ukarudi kutoka mgodini, ulikokuwa fundi wa umeme, macho yanakung'aa, ukaniambia mabwana wa kampuni wameleta motokari isiyo na mafuta wala moshi. Uliizunguka, uliigusa, ulilala chini kabisa kuitazama tumbo. Jioni ile ulikula bukari bila hata kuona mboga ni ya nini. "Mama Ngoie," ulisema, "hii njo motokari. Tungoje kiloko tu, bei itashuka."

Ukaiuza ile yetu upesi upesi, eti tusije tukabaki na chuma ambacho hakuna mtu atakayekitaka. Baba Ngoie, mji mzima bado unakitaka. Aliyeinunua ananipita na ile kamba yake mlangoni, ananipungia mkono, nami nimesimama na gunia la samaki nikitafuta usafiri.

Kungoja kwako nilikuzoea. Tulingoja bei ya mabati ishuke, nyumba ikakaa msimu mzima wa mvua na turubai kichwani. Tulingoja saruji, tulingoja vigae, na vigae mpaka leo hatujaviona. Lakini kwa hii ya umeme ulizidi, maana ulijenga garaji kabla ya motokari. Ukafunga ukutani prizi kubwa ya buluu ya kuchomekea umeme, ya aina ile ya kiwandani, ukaifunika kwa plastiki isiingie vumbi. Umeme wenyewe wa hapa unaujua: unakuja tukiwa tumelala, unaondoka nikishika pasi. Kabini ya mtaa, ile yenye transfoma, ikiungua tunachanga wenyewe, na wewe ndiye uliyekuwa unaitwa kuitengeneza. Nilikuuliza mara ngapi, umeme usiotosha kuchemsha maji ya chai utasukumaje motokari? Ukasema tutaweka sola. Nikafurahi. Kisha ukasema, lakini na sola nayo tungoje, bei yake itashuka. Nilitoka nje nisije nikakutupia mwiko.

Leo ndani ya garaji hiyo kuna magunia ya makala ya kupikia na samaki wakavu. Paka wa mtaa mzima wanaijua njia.

Na ile habari ya kobalti ndiyo iliyonimaliza. Uliniambia betri za motokari hizo zinatengenezwa kwa kobalti, na kobalti inatoka kwetu. Ulisema kwa fahari, kana kwamba uliichimba mwenyewe uani. Mimi naona malori tu. Yanapanga foleni kuelekea mpakani Kasumbalesa, yanatujaza vumbi, yanakwenda na mali yetu mbali, halafu inaturudia ikiwa picha kwenye simu. Nikakuuliza kwa nini anayekaa juu ya mali ndiye aambiwe angoje. Wewe ulikuwa umeshafungua video nyingine ya motokari hizo.

Sisemi ulikuwa mjinga. Bei ya mafuta imepanda kama ulivyosema, na foleni kwenye vituo naziona. Ni kweli pia kwamba motokari nyingi tunazoletewa ni zile ambazo wenzetu wamechoka nazo. Ulihesabu sawasawa kila kitu isipokuwa miguu yangu.

Na mimi mwenyewe ni faida ya kungoja kwako, hilo nalijua. Baba yangu, mtu wa reli, alikataa kupokea posa ya yeyote kabla sijamaliza shule. Wenzako walikuja mara moja, wakaenda kuoa kwingine. Wewe ulikuja kila Jumapili baada ya misa, ukakaa na baba kwenye kile kiti kibovu, mkaongea habari za treni ambazo hukuzijua hata kidogo, ukarudi kwenu bila kuniona vizuri. Mama alikuwa anacheka jikoni. Kisha Jumapili moja malaria ikakulaza kwenu, na baba akatoka mlangoni, akatazama njia, akauliza: "Ule kijana wa siku ya yenga iko wapi?" Hapo nilijua nimeolewa. Nilikupenda kwa sababu ya subira hiyo, na ndiyo maana leo siwezi hata kukukasirikia mpaka mwisho. Kila nikianza, namwona yule kijana anazungumza habari za treni.

Unakumbuka kazi yangu kwenye njia ya Kasenga? Hapa kwetu tunaendesha upande wa kulia, na motokari zinazotufikia kupitia Zambia nazo zina usukani kulia. Basi wewe ulikaa karibu na mtaro, na mbele yako uliona mgongo wa lori la makala tu. Mimi niliyekaa kushoto ndiye niliyeona njia. Kila ulipotaka kupita lori uliniuliza, nami nikachungulia, na nikisema pita ulitakiwa upite. Lakini wewe! Nakwambia njia iko safi, hakuna hata baiskeli, na wewe unajibu, "Tungoje kiloko, Mama Ngoie, labda kuko ingine inakuya." Tulimeza moshi wa lori moja asubuhi nzima. Nilikwambia ndoa yetu yote iko nyuma ya lori la makala. Ulicheka mpaka ukakohoa, na hukupita.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Alfajiri ile ulipoanguka bafuni, nilitoka barabarani na kitenge cha kulalia, nikisimamisha kila kitu chenye magurudumu. Motokari ya jirani haikuwa na mafuta. Teksi ya kwanza ilinitazama ikapita. Mpaka mtu nisiyemjua aliposimama na kutubeba, jua lilikuwa limeshatoka. Daktari aliniambia hata tungefika mapema, moyo wako ulikuwa umechoka. Siku nyingine namwamini. Siku nyingine nasimama mbele ya garaji yako nzuri na nataka kuivunja kwa nyundo.

Ulipofumbua macho pale hospitalini nilidhani utaniambia habari za mtoto, au za Mungu. Ukanishika mkono. "Usikamate chuma ya bantu," ulisema, yaani nisinunue motokari kuukuu ya watu. "Ngoja." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Wajane wengine wanaachiwa baraka, mimi niliachiwa ushauri wa motokari.

Na unajua kwetu neno la mwisho la marehemu halichezewi. Siku ya kumaliza kilio, mdogo wako Monga alisimama mbele ya familia na kulifanya sheria. Akasema kaka alitaka tungoje, basi nyumba hii itangoja, na atakayenunua kinyume chake atakuwa amemkanyaga marehemu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimekaa chini na wajane wengine wa mtaa, sikupewa nafasi ya kusema. Monga mwenyewe alirudi kwake na pikipiki yake ya mafuta.

Basi nikangoja. Nikaendelea kulipia nafasi kwenye malori ya watu, nikipanda juu ya magunia na goti hili unalolijua. Mvua ilipokuja, lori likakwama kwenye matope, likalala njiani, na turubai lao lilikuwa limetoboka. Unajua samaki mkavu akiloa anavyokuwa. Nilimwaga mzigo wangu wote kando ya njia huku dereva akinihimiza nifanye haraka. Nilipofika Kasenga mara iliyofuata, wavuvi wetu, wale wale waliokula mezani kwetu, waliniambia bila ubaya kwamba sasa wanampa anayefika na motokari yake. Samaki hawangoji, Baba Ngoie. Nikipoteza msimu mwingine biashara yangu imekwisha, na mwanao hatamaliza chuo. Hakuna kingine kinachotulisha.

Nilimweleza Ngoie vivyo hivyo. Binti yako amerithi kichwa chako, mpaka lile tabasamu. Alinisikiliza, akaweka kitabu chini. "Mama," alisema, "ukikamata ile motokari, ni sawa unamutupa papa." Niliingia chumbani nikakaa kitandani upande wako, nikakutukana kimoyomoyo, kwa sababu mtoto alikuwa amesema lile nililokuwa naliogopa.

Barua hii niliiacha hapo siku chache, leo naiendeleza. Jana mwenye motokari alinipa funguo nikaijaribu. Nilimwomba Ngoie anisindikize, akaja amenuna, amefunga mikono kifuani. Nikakaa kulia, kwenye usukani. Yeye akakaa kushoto, kwenye kiti changu. Tukatoka mjini kwa njia ile ile ya Kasenga, na hatukufika mbali, lori la makala hilo mbele yetu, limejazwa mpaka linayumba, linatupulizia moshi mweusi. Nikapunguza mwendo. Sikuona kitu zaidi ya magunia.

Tulilifuata muda mrefu. Nikamuuliza Ngoie kuna nini mbele. Akageukia dirisha la pembeni. Yule alikulia kwenye kiti cha nyuma akisikia mabishano yetu safari baada ya safari, anajua anachoulizwa. Sikumhimiza. Nikaendelea kumeza moshi, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kutafuta mahali pa kugeuzia, turudi, nimrudishie mtu funguo zake, yaishe. Ndipo nikaona ameinama, anachungulia, anafuta macho kwa kiganja, anachungulia tena.

"Mama, njia iko safi," alisema. "Pita."

Nikapita. Mbele ya lori njia ilikuwa tupu mpaka kwenye kona, na Ngoie akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikalia, ikabidi nisimame kando maana sikuona tena ninakokwenda. Lori la makala likatupita tena. Dereva wake akapiga honi, sijui alidhani tumegombana.

Leo asubuhi nimeinunua. Monga nitamwambia mwenyewe, na akitaka kuita familia aite, safari hii nitasimama. Ngoie anaiosha tangu mchana, ameshaanza kuilalamikia viti vyake. Jumatatu tunakwenda Kasenga.

Motokari ya umeme itafika Lubumbashi siku moja, na bei itashuka kama ulivyosema. Siku hiyo nitakubali mbele ya mtaa mzima kwamba ulikuwa na haki, hilo nakuahidi, ingawa litaniuma. Lakini nimekaa hapa nikajiuliza kwa nini nilikubali kungoja muda wote huu. Monga si mtu wa kunizuia mimi, unanijua. Miguu iliuma, samaki wakaoza, na bado kila mtu aliponiuliza nilijibu kwa mdomo wangu, bado kidogo, Baba Ngoie alisema tungoje. Na nilipolisema hivyo nilisikia raha, kama mtu ambaye mume wake yuko nyumbani.

Kumbe motokari sikuwa naingoja hata siku moja. Nilikuwa nakungoja wewe, na wewe hutarudi.

Pumzika sasa. Mimi napita.

Mkeo, ambaye bado amekukasirikia,
Mama Ngoie